KUMUUGUZA NYOKA SI KUMTIBU

Mimi leo nataka tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye sidhani kuna hata mmoja miongoni mwetu angebeba machungwa kwenda kumjulia hali. Mgonjwa huyo ni nyoka. Tafadhali, ndugu msomaji, usifunue ukurasa wa mashairi kabla hujanisikiliza hadi mwisho.

Najua kwetu sisi nyoka akionekana uani hakuna anayeuliza kama ana afya au la. Kelele hupigwa, majirani hukusanyika, rungu hutafutwa, na habari yake huishia hapo. Lakini dunia ni pana na mambo yake ni mengi. Huko Marekani na Uingereza wako watu wanaofuga nyoka ndani ya nyumba jinsi sisi tunavyofuga paka. Anayependwa sana ni chatu mdogo ambaye jina lake la kitaalamu ni Python regius. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati, ndiyo sababu Wamarekani humwita chatu wa mpira. Kwao hasa ni Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, na maelfu kwa maelfu wamesafirishwa ng'ambo kutoka Ghana, Togo na Benin. Kwa hivyo tunaweza kusema huyu ni Mwafrika mwenzetu aliye ughaibuni! Akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 20 hata 30.

Binamu yangu anayeishi Minnesota, Marekani, anaye mmoja. Wakati wa baridi kali nyoka huyo aliugua. Alianza kutoa sauti kama filimbi kila apumuapo, kisha mapovu yakaonekana puani. Marafiki wa binamu yangu wakaleta kila mmoja ushauri wake. Wa kwanza alisema afukizwe kwa mvuke. Wa pili akasema apewe maji ya kitunguu saumu na asali. Wa tatu alikuwa na vidonge vya antibayotiki vilivyobaki mbwa wake alipopona, akasema ati nusu kidonge kingetosha. Habari hizo zilipofika nyumbani kwetu kwa simu watu walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza, kwa sababu mashauri hayo matatu niliyajua. Ndiyo hayo hayo yanayotolewa hapa kwetu kuku anapokoroma. Basi nikaanza kusoma, na kumsumbua mwalimu wetu wa Baiolojia kwa maswali, mpaka nikapata maoni yangu mwenyewe. Ndiyo haya ninayoyaandika.

Kiswahili chetu kitukufu kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kuuguza na kutibu. Kumuuguza mgonjwa ni kumtunza, yaani kumpa joto, maji, usafi na utulivu, na kumwangalia usiku na mchana. Kumtibu ni kuujua ugonjwa wenyewe na kuuondoa kwa dawa inayoufaa. Mama humuuguza mtoto, daktari humtibu. Kazi hizi mbili ni ndugu lakini si kitu kimoja. Maoni yangu ni kwamba nyoka mwenye ugonjwa wa mapafu auguzwe nyumbani kwa bidii zote, lakini atibiwe na daktari wa wanyama. Anayefanya kazi ya kwanza akadhani amemaliza ya pili, anamwua mnyama wake polepole huku akijiita mpole.

Hebu tuanze na mwili wa nyoka mwenyewe. Wewe na mimi tuna msuli mpana chini ya mapafu unaotusaidia kuvuta pumzi na kukohoa. Nyoka hana msuli huo. Yeye hupumua kwa kutumia misuli ya mbavu zake. Matokeo yake ni kwamba hawezi kukohoa kama sisi. Kohozi likijaa katika mapafu yetu tutakohoa usiku kucha mpaka jirani agonge ukuta. Nyoka, maskini, kohozi lake hubaki mle mle. Tena aina nyingi za nyoka zina pafu moja tu linalofanya kazi, la kulia. Chatu anayo mawili, lakini la kushoto ni dogo. Kwa hivyo pafu likiziba hana akiba kubwa ya kukimbilia.

Jambo la pili ni kwamba nyoka hana sauti ya kulia. Ng'ombe mgonjwa huguna, mbwa hulialia, mtoto hupiga mayowe. Nyoka mgonjwa hukaa kimya. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa, kwa hivyo yeye huficha ugonjwa wake mpaka umemzidi. Maana yake ni kwamba siku unayouona ugonjwa si siku ulipoanza. Huenda una majuma kadhaa mwilini. Kwa hiyo maneno ya "tungoje kidogo tuone" ni ya hatari kwa nyoka kuliko kwa ng'ombe.

Dalili zenyewe si ngumu kuzijua. Nyoka mzima hupumua kwa pua, mdomo ukiwa umefungwa, na humsikii. Mgonjwa hutoa filimbi au mkoromo. Makamasi na mapovu huonekana puani au mdomoni. Wengine huinua kichwa juu kwa muda mrefu ili pumzi ipate njia. Hali ikiwa mbaya hufungua mdomo apate kuhema. Hukataa chakula na kulegea. Ni kweli kwamba nyoka anayekaribia kujivua gamba anaweza kutoa filimbi kidogo kwa sababu ya ngozi kuukuu iliyo puani, na sauti hiyo huisha akishajivua. Lakini mapovu na mdomo wazi si mambo ya gamba. Hayo yakionekana, siku hiyo hiyo daktari apigiwe simu.

Sasa nyumbani kuna kazi gani? Iko, tena kubwa. Nyoka hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hupata joto kutoka nje, na kinga ya mwili wake hutegemea joto hilo. Akiwa baridi, askari wake wa mwilini husinzia kama walinzi wa usiku, nao wadudu wa maradhi huingia wapendavyo. Chatu huyu wa mpira huhitaji upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili uwe nyuzi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Unyevu wa hewa usipungue asilimia 50. Wengi huugua kwa sababu ya makosa katika mambo haya: kizimba baridi, kizimba kilicholowa huku hakipitishi hewa, au kizimba kisichooshwa. Kule Minnesota, ambako baridi ya Januari hugandisha maziwa mpaka watu wakatembea juu yake, kifaa cha joto kikiharibika usiku mmoja tu nyoka anaweza kuingia hatarini.

Basi mwuguzi wa nyoka na apime joto kwa kipimajoto, asikadirie kwa kiganja. Aweke kifaa cha kuzuia joto lisipite kiasi, maana nyoka huungua akilala juu ya kitu cha moto. Mgonjwa awekwe katika joto la juu la lile analolizoea, huku akiachiwa upande wa kukimbilia. Maji safi yawepo kila siku. Matandiko yaliyolowa yatupwe, kizimba kioshwe. Utitiri utafutwe kati ya magamba. Nyoka wengine watengwe, na yule mgeni anayeletwa nyumbani akae peke yake miezi miwili au mitatu kabla ya kuchanganywa nao. Mgonjwa asishikweshikwe ovyo, na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka huweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao humdhuru binadamu na hasa watoto wadogo. Uzito wake na siku alizokataa kula viandikwe daftarini ili daktari avisome. Ndugu zangu, je, hiyo si kazi ya kutosha? Nani anasema nyumbani hakuna la kufanya?

Lakini hapo ndipo mpaka ulipo. Ukiuvuka, unaingia shamba la watu.

Tuchukue ule ushauri wa kufukiza. Sisi sote tumewahi kufunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, na pua zikafunguka. Kwa nyoka mambo ni mengine. Mvuke hauui bakteria walio ndani ya pafu. Ukizidi joto humwunguza au humchemsha akiwa hai, na ukipoa huacha kizimba kimelowa, jambo ambalo huenda ndilo lililomletea ugonjwa. Madaktari wanayo mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu mwembamba sana unaofika ndani ya pafu, lakini dawa na kiasi chake hupangwa na wao. Sufuria ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi ya mashine hiyo.

Na kile kitunguu saumu na asali? Hapa nilijifunza jambo lililonishtua. Tundu la pumzi la nyoka halijajificha nyuma ya koo kama letu. Liko mbele, pale pale juu ya sakafu ya mdomo, nyuma kidogo ya ala ya ulimi. Limewekwa hapo ili aweze kupumua hata anapokuwa amejaza mdomo kwa kumeza panya mzima. Ukimfungua mdomo kwa nguvu na kumdondoshea maji ya kitunguu, ni rahisi yaingie katika tundu hilo na kushuka pafuni. Yaani unammwagia maji mgonjwa anayezama!

Ushauri wa tatu ndio mbaya kuliko yote: antibayotiki zilizobaki. Kwanza, ni nani aliyekuambia ugonjwa wenyewe ni wa bakteria? Mapafu ya nyoka huweza kuugua kwa bakteria, kwa virusi, kwa kuvu au kwa minyoo. Mwaka wa 2014 watafiti nchini Marekani walieleza juu ya virusi vya jamii ya nidovirusi walivyovikuta katika chatu hawa wa mpira wenye ugonjwa wa mapafu. Antibayotiki haziui virusi, ng'o! Daktari huchukua kohozi likapimwe, na pengine hupiga picha ya eksirei, apate kujua anapigana na nani. Mwenye kidonge cha mbwa anarusha mshale gizani.

Pili, hata kama ni bakteria, kiasi ni kipi na kila baada ya saa ngapi? Mfano huu nimeupenda sana kwa sababu hauhitaji utaalamu kuuelewa. Iko antibayotiki moja iitwayo seftazidimu. Binadamu mwenye ugonjwa mkali hudungwa dawa hiyo hospitalini kila baada ya saa 8. Nyoka hudungwa kila baada ya saa 72, yaani mara moja kwa siku tatu! Dawa ni ile ile, lakini mwili wa nyoka huitoa polepole sana. Sasa yule anayempimia nyoka kwa saa za binadamu au za mbwa atamfanya nini? Baadhi ya antibayotiki huumiza figo, hasa nyoka akiwa amepungukiwa na maji mwilini. Unaweza ukaponya pafu ukaua figo. Tena hata joto la kizimba hubadilisha kasi ya dawa mwilini, kwa hivyo daktari akipanga dawa huuliza pia juu ya joto. Mnaona jinsi kuuguza na kutibu vinavyoshikana mikono, kila kimoja na kazi yake?

Tatu, kuna deni ambalo hulipwa na sisi sote. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alipopokea Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1945 alionya kwamba mtu akitumia dawa hiyo kidogo kuliko inavyotakiwa, viini havifi bali vinafunzwa kuistahimili. Onyo hilo halikusikilizwa. Kulingana na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa katika mwaka wa 2019 peke yake kwa sababu ya bakteria waliokuwa wamezoea dawa. Hao ni akina mama, watoto, na watu waliofanyiwa upasuaji mdogo tu. Nusu kidonge kwa nyoka wa Minnesota ni kitu kidogo, nakubali. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha ubaya nacho hujazwa vivyo hivyo.

Najua kuna watakaonipinga, nami sitawakimbia.

Wa kwanza atasema, "Mimi nyoka wangu alipona kwa joto peke yake. Daktari wa nini?" Simkatalii. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, nyoka akirudishiwa joto lake, kinga yake huweza kuamka na kumwokoa. Hilo ni tunda la kuuguza vizuri, na nampongeza. Lakini aliyevuka mto mara moja kwa mguu asiwaambie wengine kwamba mto hauna mamba. Filimbi ikiendelea, au mapovu yakitokea, joto peke yake halitoshi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wa pili atasema, "Daktari wa nyoka ni ghali, tena ni wachache." Ni kweli. Si kila daktari wa wanyama anajua nyoka, hata huko Marekani. Lakini mtu alilipa pesa zake akanunua nyoka, kizimba, taa na panya. Kwa nini hesabu yake iliishia hapo? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anayetaka kufuga amtafute daktari kabla ya kununua nyoka, aandike nambari yake ya simu ukutani, na aweke akiba kidogo kila mwezi. Asiyeweza hayo, asifuge. Na kuchelewa hakupunguzi gharama. Nyoka aliyepelekwa mapema huenda akahitaji sindano chache. Aliyepelekwa anahema mdomo wazi atahitaji majuma mengi, na pengine asipone. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huko nyuma lilikuwako pia jambo lililorahisisha makosa. Kwa miaka mingi Mmarekani aliweza kuingia katika duka la vifaa vya shamba akanunua antibayotiki za mifugo bila cheti cha daktari, kama anavyonunua kamba. Kuanzia Juni 2023 dawa za aina hiyo ambazo pia ni muhimu kwa binadamu zimehitaji cheti. Baadhi ya wafugaji walilalamika. Mimi nasema walioweka sharti hilo walifanya vyema.

Wa tatu, na huyu ndiye wengi wetu, atasema, "Ala! Si ni nyoka tu?" Huyu nataka nimkumbushe habari za Nyakach, kando ya Ziwa la Viktoria. Huko chatu mkubwa aitwaye Omieri alihesabiwa kuwa mleta mvua na mavuno. Mwaka wa 1987 aliungua katika moto wa vichaka, akatibiwa na wataalamu, lakini akafa. Watu wengi walimsikitikia, na habari zake zikaenea nchi nzima. Mwaka wa 2003 chatu mwingine alipoonekana huko huko, watu walimpa jina lile lile na wakaenda makundi kwa makundi kumtazama. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba kumhurumia nyoka ni mambo ya Wazungu.

Tena kuna sababu iliyo kubwa kuliko huruma, nayo ni haki. Nyoka wa porini akisikia baridi hutambaa mpaka juu ya jiwe lililopigwa na jua. Akisikia joto hurudi shimoni. Yeye ndiye mwuguzi wake mwenyewe. Nyoka wa kizimbani hana jiwe wala shimo ila ulivyompa wewe. Umemnyang'anya uwezo wa kujitunza. Maadamu ulimfungia, deni la afya yake liko shingoni mwako, awe nyoka, awe njiwa.

Pengine msomaji unajiuliza, "Sisi huku kwetu yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Kwanza, hapa Kenya si halali kumweka nyoka wa porini nyumbani bila kibali. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka wa 2013 inasema hivyo, na kibali hutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Anayetaka kuwaona nyoka kwa karibu aende Makavazi ya Nairobi, ambako bustani ya nyoka ilifunguliwa mwaka wa 1961, au aende Watamu kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken. Kijana asisome makala haya kisha akaenda kichakani na gunia! Nyoka wetu wengine wana sumu, na mfukizaji wa swila huenda asipate nafasi ya pili.

Pili, mkono unaompa nyoka kidonge cha mbwa ni ndugu wa mkono unaofungua kapsuli ya tetrasaiklini na kuimwaga ndani ya maji ya kuku. Si mnaijua desturi hii? Kuku anakoroma, makamasi yanamtoka, basi mtu anakwenda kabatini kutafuta dawa zilizobaki baba alipougua kifua. Pengine kuku hao wana kideri, ambacho huletwa na virusi. Kapsuli hizo hazitakifanya kitu. Kinachofaa ni chanjo kabla ya ugonjwa kuingia, na chanjo hiyo hutiwa tone tu katika jicho la kuku. Pengine ni ugonjwa wa bakteria kweli, lakini kapsuli mbili ndani ya ndoo ya maji zitawatosha kuku 20 kweli? Viini vinaonja dawa, havifi, na vinaerevuka. Halafu jioni tunakula mayai ya kuku wale wale, yenye mabaki ya dawa. Na siku mtoto wa nyumba hiyo atakapougua kifua, dawa ile ile iliyomwagiwa kuku huenda ikashindwa kumsaidia.

Kwa hivyo ninawashauri wenzangu, hasa walio katika 4K na wanaofuga kuku na sungura nyumbani, tufanye mambo matatu. Tuwauguze wanyama wetu bila uvivu: banda kavu lipitishalo hewa, maji safi, joto la kutosha kwa vifaranga, mgonjwa kutengwa na wazima. Tusiwape dawa yoyote ya binadamu iliyobaki, hata ikiwa moja, hata jirani akiapa kwamba wake walipona. Na tumwulize afisa wa mifugo mapema, kabla hawajakufa nusu yao. Kuuliza si ujinga. Wazazi wetu wakisema ni gharama, tuwaonyeshe hesabu ya kuku waliokufa mwaka jana. Hesabu ni somo ambalo halina upendeleo.

Sikusudii kudharau mikono ya nyumbani. Wengi wetu tuko hai leo kwa sababu mtu fulani alikesha akitupangusa jasho na kutupa uji kijiko kwa kijiko. Lakini mtu huyo huyo, alipoona pumzi zetu zimebadilika, alitufunga mgongoni akatupeleka zahanati usiku, hata ikiwa mvua inanyesha. Hakungoja. Alijua kazi yake inakoma wapi na ya daktari inaanzia wapi. Kama ni hivyo kwetu sisi tunaoweza kusema "kifua chaniuma", sembuse kwa kiumbe asiyeweza hata kukohoa?



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu